Kwa Nini Mtoto Hulia Sana Wiki ya Sita? Historia Kutoka Hull Hadi Mwanza

Kama umewahi kupanga chumba Mabatini, Igogo au Nyakato, unazijua nyumba zetu: kuta zimeishia chini ya paa, na linalosemwa chumba cha kwanza linasikika mpaka chumba cha mwisho. Basi na sauti hii unaijua. Ni saa moja jioni, majiko ya mkaa yamewashwa uani, na mtoto wa jirani, wiki tano hivi, anaanza kulia. Ananyonyeshwa, analia. Anabadilishwa nepi, analia. Anafungwa mgongoni kwa kanga, ananyamaza dakika mbili, anaanza upya. Saa tatu bado. Chumba cha pili mtu anasonya. Cha tatu wameongeza sauti ya redio. Baba mtoto yuko ziwani, maana usiku wa giza ndio wa dagaa. Mama mwenyewe ni binti wa miaka 19, na mama yake mzazi yuko Sengerema, ng'ambo ya maji. Taratibu anaanza kusikia kitu kifuani ambacho hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kipo: hasira kwa mtoto wake mwenyewe.

Makala hii inahusu dakika hiyo. Nataka nikueleze jinsi sayansi ilivyojifunza mambo mawili kwa nyakati tofauti. La kwanza, kumtikisa mtoto mchanga kwa nguvu kunaweza kumuua bila kuacha hata alama moja mwilini. La pili, kulia kule kuna ratiba yake, kunapanda na kushuka kwenyewe, na si kosa la mama. Mambo haya mawili yalipokuja kuunganishwa likapatikana somo la dakika chache. Swali langu ni hili: somo hilo lilitungwa mbali na hapa, je, kwetu kando ya ziwa linafaa vipi?

Daktari wa mji wa wavuvi

Tuanze New York, mwaka 1946. Daktari wa picha za eksirei, John Caffey, aliandika kuhusu watoto sita waliokuwa na damu iliyovuja juu ya ubongo, chini ya utando wake mgumu. Watoto haohao walikuwa na mifupa ya mikono na miguu iliyovunjika. Wazazi hawakueleza ajali yoyote. Caffey aliona jambo halikai sawa, lakini hakusema waziwazi kwamba kuna mtu aliyewaumiza. Zama zile ilikuwa vigumu hata kulifikiria.

Mwaka 1962 Henry Kempe na wenzake, kutoka Colorado, wakalisema: wapo watoto wanaoletwa hospitali kwa sababu wamepigwa na wanaowalea, na daktari ana wajibu wa kuliona. Hata hivyo likabaki fumbo moja. Wapo watoto waliokuwa na damu kichwani, lakini ukiwatazama kichwa hakina uvimbe, hakina mchubuko, hakina kitu. Kama hakupigwa kichwani, damu imetoka wapi?

Jibu lilitoka Hull, mji wa bandari wa Uingereza uliokuwa ukiishi kwa uvuvi. Daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto, Norman Guthkelch, aligundua kwamba wazazi wa pale walikuwa hawaoni aibu kukiri kuwa wamemtikisa mtoto. Kwao kumpiga ndiyo kosa, kumtikisa ni kumtia adabu kidogo tu. Mwaka 1971 akachapisha makala akisema kwamba kichwa cha mtoto kikirushwa mbele na nyuma kwa nguvu, damu inaweza kuvuja ndani hata kama hakijagonga popote. Caffey naye akaliendeleza wazo hilo mwaka 1972 na 1974, na jina la ugonjwa wa mtoto aliyetikiswa likaenea duniani.

Ndani ya kichwa kuna nini?

Mshike mtoto wa mwezi mmoja utaelewa haraka. Kichwa ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo bado haina nguvu. Ndiyo maana bibi yeyote hukwambia "shika shingo". Ubongo wake una maji mengi na ni laini kuliko wa mtu mzima. Kati ya ubongo na utando unaoufunika kuna mishipa midogo ya damu inayopita kama kamba nyembamba. Kichwa kikienda mbele na nyuma kwa kasi, ubongo hauendi sawasawa na fuvu. Mishipa ile inavutika na kukatika. Damu inavuja, ubongo unavimba, mara nyingi na damu ndogondogo zinatokea nyuma ya jicho.

Katika watoto wanaogundulika kuumia hivi, takriban robo hufariki. Wengi wa wanaobaki huishi na ulemavu: upofu, kifafa, mtindio wa ubongo, ugumu wa kujifunza. Na kitendo chenyewe hakizidi sekunde chache.

Hebu nikutoe hofu hapa, maana najua swali linalokuja. Kumbeba mtoto mgongoni ukitwanga au ukitembea, kumpakata na kumbembeleza kwa kumyumbisha taratibu, au kusafiri naye kwenye barabara yenye mashimo, havileti ugonjwa huu. Tunazungumzia mtu mzima aliyemshika mtoto mbavuni au mabegani na kumtikisa kwa nguvu zote za hasira. Ukimwona mtu anafanya hivyo, hutahitaji kuuliza kama ni michezo.

Mwaka 1971, London na Bugando

Mwaka huohuo wa makala ya Guthkelch kulitokea mambo mengine mawili. London, mgonjwa wa kwanza aliingizwa kwenye mashine ya siti skani, iliyowawezesha madaktari kuona ndani ya fuvu bila kulipasua. Na huku kwetu, juu ya kilima, hospitali ya Bugando ilifunguliwa, ikawa tegemeo la watu wa kanda nzima ya ziwa.

Nayaweka pamoja kwa sababu moja. Ugonjwa huu ulijulikana pale palipokuwa na vifaa vya kuuona: eksirei kwanza, kisha siti skani, na daktari wa macho wa kuangalia nyuma ya jicho. Sasa mfikirie mtoto aliyetikiswa katika kijiji cha Ukerewe au kwenye mwalo mmojawapo wa visiwa. Ataonyesha nini? Kutapika, kulegea, kukataa ziwa, kisha kukakamaa na kutetemeka. Kwetu hali hiyo ina jina tayari: degedege. Na mara nyingi sana degedege kweli ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo muuguzi wa zahanati akianza na kipimo cha malaria anafanya sahihi kabisa. Lakini unaona jinsi jeraha lisilo na alama ya nje linavyoweza kujificha nyuma ya ugonjwa tuliouzoea. Mahali ambapo jeraha linajificha hivyo, kinga huwa na thamani kuliko uchunguzi.

Niongeze neno kuhusu mahakama. Guthkelch aliishi mpaka 2016, na miaka yake ya mwisho alisikitika kuona wazo lake likitumika kuwafunga watu kwa kuangalia dalili tatu tu kichwani, bila kutafuta sababu nyingine zinazoweza kufanana nazo. Madaktari wa watoto wa Marekani nao, mwaka 2009, walipendekeza jina pana zaidi, jeraha la kichwa litokanalo na ukatili, kwa kuwa kutikisa ni njia mojawapo tu. Kwa hiyo dalili zinatutaka tuchunguze vizuri, hazitupi ruhusa ya kumhukumu jirani uani.

Akina mama 80 na madaftari yao

Wakati madaktari wa upasuaji wanatazama damu, daktari mwingine alikuwa anauliza swali lililoonekana dogo: mtoto mzima wa afya hulia kiasi gani kwa siku? T. Berry Brazelton, daktari wa watoto huko Massachusetts, aliwaomba akina mama 80 waandike kila siku, kwa wiki 12, mtoto alilia saa ngapi na kwa muda gani. Matokeo aliyachapisha 1962.

Wiki ya pili watoto walilia kama saa moja na dakika 45 kwa siku. Kulia kukapanda wiki hadi wiki, mpaka wiki ya sita kukafika kama saa mbili na dakika 45. Halafu kukaanza kushuka, na kufikia mwezi wa tatu kumepungua sana. Na muda mkubwa wa kulia ulikuwa jioni. Kumbuka, hawa walikuwa watoto wazima, wananyonya, wanaongezeka uzito.

Hapo nadhani umeona kitu. Kwetu mtoto wa wiki tano akilia jioni mfululizo, wa kwanza atasema ni chango, wa pili atasema maziwa ya mama hayatoshi, wa tatu atasema amerogwa. Analetewa dawa ya mizizi, au anaanzishiwa uji akiwa na miezi miwili. Baada ya wiki nne anatulia. Sifa zinaenda kwa dawa! Kumbe angetulia hata bila dawa, kwa sababu mlima ulikuwa umeshaanza kuteremka. Ndivyo tiba nyingi za kulia zilivyopata jina, na si Usukumani tu. Ulaya nako ni hivyohivyo.

Je, mama ndiye mwenye kosa?

Kuna watu waliosoma takwimu za Brazelton wakasema: hao ni watoto wa kizungu wanaolazwa peke yao chumbani. Mtoto wa Kiafrika anayebebwa mchana kutwa halii hivyo. Je, ni kweli? Jibu ni kiasi, na sehemu ya jibu ilipatikana karibu na ziwa letu.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda na kufanya kazi na taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Pamoja na mkalimani wake, Katie Kibuka, alitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akakaa sebuleni na akina mama na kuwatazama watoto 28. Wengi walikuwa wamevuka umri wa wiki sita. Aliona kwamba watoto hawakufanana: saba kati yao walilia mno hata mama alipokuwepo. Na mama aliyeweza kumweleza mtoto wake kwa undani, anapenda nini na anaogopa nini, mara nyingi ndiye aliyekuwa na mtoto aliyetulia. Kitabu chake kilitoka 1967. Mwaka 1972, kwa utafiti mwingine alioufanya Baltimore na Silvia Bell, walionyesha kwamba watoto walioitikiwa haraka walipolia walikuwa wanalia kidogo zaidi kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza. Yaani yule anayekwambia "usimzoeshe mikono" hakuungwa mkono na daftari la Ainsworth.

Upande wa Kenya, Robert LeVine na wenzake waliwafuatilia Wagusii wa Kisii katika miaka ya 1970. Mama wa Kigusii alijibu kilio upesi kwa ziwa au kwa kumpakata, na alipokwenda shamba alimwachia mtoto dada mdogo, omoreri, aliyefanya vilevile. Watoto hao walilia muda mfupi sana wakilinganishwa na wa Marekani.

Basi tumalize tuseme tatizo ni maisha ya kisasa? Subiri kwanza. Mwaka 1991 Ronald Barr, pamoja na Melvin Konner na wengine, walichapisha uchambuzi wa watoto wa !Kung wa jangwa la Kalahari, ambao hubebwa karibu muda wote na kunyonya mara kadhaa ndani ya saa moja. Walilia kwa muda mfupi zaidi, ndiyo. Lakini idadi ya mara walizoanza kulia haikutofautiana sana na ya Wazungu, na ule mlima wa miezi ya mwanzo ulikuwepo vilevile. Jaribio alilofanya Barr na Urs Hunziker kule Montreal mwaka 1986 lilionyesha kwamba mtoto anayebebwa zaidi hulia pungufu kwa asilimia 43 katika wiki ya sita. Jaribio la baadaye la London halikupata faida hiyo.

Kwa kifupi, kubeba na kunyonyesha kunaweza kufupisha kulia, lakini mlima uko palepale. Mama anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado mtoto akalia. Laiti kila mama angeambiwa sentensi hiyo moja kabla ya kutoka wodini.

Somo la dakika chache

Barr ndiye aliyeunganisha nyuzi mbili. Alilinganisha umri wa watoto wanaolazwa kwa kutikiswa na ule mlima wa kulia, na akaona vinafuatana: kulazwa kunapanda baada tu ya kulia kupanda. Kichocheo kikubwa ni kulia kusikonyamaza. Kwa hiyo, ukimwandaa mzazi kwa kulia, unamkinga mtoto.

Huko Buffalo, jimbo la New York, daktari wa upasuaji Mark Dias alianza mwishoni mwa 1998 kuwafundisha wazazi kabla hawajatoka wodi ya uzazi. Wote wawili, baba na mama, walielezwa hatari ya kutikisa, walipewa kipeperushi na video, kisha wakaombwa kutia sahihi kwamba wameelewa. Taarifa yake ya 2005 ilisema majeraha hayo yalipungua kwa asilimia 47 katika eneo hilo. Watu walifurahi sana.

Lakini historia ya sayansi haiishii kwenye habari njema. Mpango huo ulipopelekwa jimbo zima la Pennsylvania, wazazi walikumbuka somo, ila watoto waliolazwa hawakupungua. British Columbia, Canada, walifanya tofauti: somo lilitolewa wodini, likarudiwa na muuguzi anayetembelea nyumbani, kisha jamii nzima ikaelimishwa. Taarifa ya 2018 ikaonyesha waliolazwa wakiwa chini ya miaka miwili wamepungua kwa asilimia 35. Mimi ninachojifunza hapa ni kwamba karatasi peke yake haitoshi. Somo linataka kurudiwa, na linataka watu.

Turudi Mwanza

Sasa mrudie yule binti. Bibi yake alijifungulia nyumbani, kwenye boma lenye mama mkwe, mawifi na watoto wa kupokezana mzigo. Hakuhitaji kufundishwa "ukichoka mpe mwenzako", maana mwenzako alikuwa anaukaribia mkono kabla hujaomba. Leo mkoa wa Mwanza una watu milioni 3.7 kwa sensa ya 2022, kutoka milioni 2.77 mwaka 2012. Vijana wanaingia mjini, wanapanga chumba, wanazaa mbali na kwao. Kwa upweke wake wa saa tatu usiku, binti huyu anafanana na mama wa Buffalo kuliko anavyofanana na bibi yake.

Ila kuna kilichobadilika kwa faida yetu. Mwaka 2010 ni nusu tu ya wanawake wa Tanzania waliojifungulia kwenye vituo vya afya. Kufikia 2022 walikuwa asilimia 81. Maana yake, mlango ambao Dias aliutumia sasa uko wazi na kwetu. Na tuna mlango wa pili ambao naona umepangwa kama kwa makusudi. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto uisome: chanjo baada ya ile ya kuzaliwa ni wiki ya 6, kisha ya 10, kisha ya 14. Yaani mama anakuja kliniki kileleni pa mlima, anarudi wakati wa kuteremka, na anarudi tena mtoto akiwa ametulia. Hakuna haja ya kuanzisha siku mpya. Inatosha dakika tano kwenye benchi la kusubiri mzani, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kulirudia somo nyumbani. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali ya mtoto, MMMAM, iliyozinduliwa 2021, tayari inazungumzia malezi yenye mwitikio. Kulia kwa wiki ya sita kunaingia humo bila kusukuma.

Na benchi lile lisiwe la mama peke yake. Tafiti za Marekani na Ulaya zinaonyesha kwamba wanaotikisa mara nyingi ni wanaume walioachiwa mtoto. Kwetu ongeza na dada wa kazi, msichana mdogo anayeachiwa mtoto kutwa nzima akiwa na mafunzo ya kufagia tu. Huyo ndiye omoreri wa leo, tofauti ni kwamba hana mama mwenye mtoto shamba la jirani wa kumkimbilia.

Kama una mtoto mchanga, au unaishi na mwenye mtoto, chukua haya. Mtoto akilia, kwanza mwitikie: mnyonyeshe, mbadilishe, mbebe, mwimbie. Ukiona ana homa, anakataa kunyonya, anatapika sana, amelegea, utosi umevimba au anakakamaa, mpeleke kituo cha afya bila kusubiri asubuhi. Kama hana dalili hizo na bado analia, na wewe unahisi mikono inakaza, mlaze chali katikati ya godoro, ndani ya chandarua, mbali na mito na mbali na jiko. Toka, simama mlangoni, pumua. Baada ya dakika chache mwangalie. Kulia dakika kumi hakumuui mtoto mzima. Kumtikisa sekunde tano kunaweza.

Na wewe wa chumba cha pili, uliyesonya, una sehemu yako. Safari ijayo ukisikia saa tatu imefika na mtoto bado, gonga mlango useme: "Mama, nipe nimshike kidogo, nawe ukakoge." Pale bomani hicho kilikuwa kitu cha kawaida tu. Nyumba zetu za kupanga hazina mama mkwe, lakini zina majirani sita chini ya paa moja, na wote wanasikia.